Kidawa Aliyeatamia Mayai ya Bata Bukini

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hamkupakawa hivyo. Mmeshiba wali, sauti zimelala. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Sukumeni ukuni ule ndani moto usitufie, na wewe uliye karibu na chungu, acha kuchungulia, humo hamna kitu. Nisikilizeni.

Siku hizo za kale, wakati watu na wanyama waliposemeshana uani bila kushangaana, palikuwa na mkulima mmoja wa mpunga akiitwa Mwinshehe. Alikuwa mtu mpole, maneno yake machache. Nyumba yake ilikuwa kando ya kijito, na ndani ya nyumba hiyo aliishi na binti yake mmoja, Tunu. Mama yake Tunu, marehemu Mwanahija, alikuwa amekufa kwa homa mwaka wa mvua nyingi. Aliacha mtoto, na aliacha ua uliojaa ndege.

Ua ule jamani! Palikuwa na kuku mweusi mwenye vifaranga, kila saa yuko mbioni. Palikuwa na bata wa kawaida, wale wa kutia matope kwenye kila maji wanayopewa. Palikuwa na kanga mwenye madoadoa, mwenye kelele kuliko kijiji kizima. Na palikuwa na bata bukini wawili, dume na jike, wakubwa, weupe, wenye shingo ndefu. Hao wawili ndio Mwanahija aliowapenda zaidi, akawapa majina. Dume alimwita Jumbe, kwa sababu alitembea uani kifua mbele kama mwenye mji. Jike alimwita Pamba.

Mama alipozikwa, Tunu alishika kazi ya ndege. Asubuhi anafungua banda. Anawarowekea pumba, anamwaga chenga za mchele chini, anaokota mayai kwenye pembe za ua, anafagia kinyesi na kukipeleka kwenye migomba. Bata bukini anawatoa wakale majani kando ya majaruba ya mpunga, maana hao ni walaji wa majani kama mbuzi. Jua likiinama anasimama mlangoni na kuwaita kwa wimbo aliouimba mama yake:

*Rudini, rudini, weupe wangu,*
*Maji yamelala, nanyi lalani.*
*Rudini, rudini, weupe wangu,*
*Nyumba ina mlango, piteni ndani.*

Nao hurudi mstari mmoja, Jumbe mbele, Pamba nyuma yake, bata wakivuta miguu, kuku na vifaranga wake, na kanga wa mwisho akilalamika.

Mwaka ukapita, na mwingine. Mwinshehe akaoa mke mwingine, akiitwa Kidawa.

Najua mnachongoja sasa. Mnangoja niseme alikuwa mama wa kambo mbaya, akamnyima mtoto chakula, akamtuma maji usiku. La. Kidawa alikuwa mwanamke mwema, mwenye mikono mikubwa na kicheko cha karibu. Taabu ilikuwa moja tu, kwamba wema wake katika nyumba ile haukuwa na mahali pa kupita.

Alitoka milimani, kusikokuwa na mito mipana, na maishani mwake hakuwahi kumwona bata bukini. Siku ya kwanza alipotoka uani na ndoo, Jumbe alinyoosha shingo chini kama nyoka, akafungua mbawa, akamjia mbio.

"Ssss! Wewe si wa hapa!"

Kidawa akatupa ndoo, akakimbilia ndani. Siku ya pili akatoka na ufagio. Jumbe akamjia.

"Ssss! Wewe si wa hapa!"

Akamng'ata pindo la kanga aliyojifunga, nguo ikachanika. Siku ya tatu Kidawa akatoka na konzi ya chenga, akachutama, akasema, "Bwana Jumbe, tule basi."

Jumbe akala chenga zote. Alipomaliza akamng'ata mkono.

"Ssss! Nimeshiba, na wewe bado si wa hapa!"

Na Tunu je? Tunu alizungumza na baba yake, alizungumza na ndege, alizungumza na majirani. Lakini Kidawa hakupata kwake hata neno moja. Akiwa na jambo la kumwambia, alimpitishia Jumbe. Wakikaa kula, Kidawa anauliza, "Tunu, mwanangu, nikuongeze mchuzi?"

Tunu anageukia mlango, aliposimama yule bata. "Jumbe, mwambie sitaki mchuzi wake."

Jumbe anarefusha shingo. "Anasema hataki."

"Labda una chumvi nyingi?"

"Jumbe, mwambie mama yangu hakuwa akitia bizari."

"Anasema bizari. Nami nasema uondoke hapo, nataka kupita."

Mwinshehe anakohoa, anaangalia sahani yake. Mtoto hakutukana, hakupiga kelele, utamwadhibu kwa lipi?

Kidawa alivumilia. Alijifunza kuroweka pumba. Alijifunza kuwatenga vifaranga wa kuku wasikanyagwe na bata. Mpaka jioni moja, Tunu alikuwa amechelewa kwenye kuni, na mawingu mazito yalikuwa yanakuja. Kidawa akaona ndege bado wako nje. Akasimama mlangoni akaimba, maana wimbo ule alikuwa amekwisha kuusikia jioni nyingi. "Rudini, rudini, weupe wangu..."

Tunu akatokea na mzigo wa kuni kichwani. Akautupa chini, kuni zikatawanyika ua mzima. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Jumbe!" akasema. "Mwambie huo wimbo si wake! Mwambie una mwenyewe! Mwambie arudi kwao!"

Safari hii Jumbe hakufungua mdomo. Hata yeye aliona maneno hayo ni mazito kuyabeba. Lakini Kidawa alikuwa ameyasikia. Akainama, akaokota kuni moja moja, akazipanga ukutani, akaingia ndani.

Kesho yake alipita muuza vyungu aliyekuwa akienda milimani. Kidawa akamwambia, "Ukifika kwetu, mwambie kaka yangu Mbelwa aje anichukue mavuno yakiisha."

Mwinshehe aliposikia, aliweka jembe chini. "Kidawa, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Baba Tunu. Lakini mtoto anakonda. Nikiingia jikoni, yeye anatoka. Nikikaa barazani, yeye anakwenda mtoni. Hii ni nyumba ya mama yake. Siwezi kukaa nikimfukuza mtoto kwenye nyumba ya mama yake."

"Ngoja kidogo. Atazoea."

"Nimengoja," Kidawa akasema. Na mwenyewe alikuwa anafuta machozi kwa kile kipande cha kanga kilichochanwa na Jumbe.

Basi wakati huo Pamba alikuwa ametaga, akawa anaatamia. Alijitengenezea kiota nyuma ya banda kwa majani makavu na manyoya ya kifua chake mwenyewe, na humo mlikuwa na mayai manne meupe, makubwa, yanajaza kiganja. Alilala juu yake kutwa kucha. Mara moja tu kwa siku aliinuka, akayafunika vizuri kwa manyoya, akashuka kijitoni kuoga na kunywa, kisha akarudi haraka akiwa bado anachuruzika maji. Jumbe alimsindikiza kila safari.

Mchana mmoja Kidawa alikuwa anatwanga mpunga. Mara akasikia sauti ya Jumbe, lakini haikuwa ile ya kufukuza watu. Ilikuwa ya kuomba.

"Kwaa! Kwaa! Njooni! Njooni! Njooni!"

Kidawa akakimbia na mchi mkononi. Alipofika kijitoni, akaona matete yanatikisika. Chatu! Alikuwa amemzunguka Pamba mizunguko miwili, na Jumbe yuko juu yake anampiga kwa mbawa, bawa moja limekwisha kuning'inia. Kidawa alikuwa mwoga wa nyoka tangu utoto, lakini siku ile hakukumbuka. Akaingia majini na nguo zake, akainua mchi, akapiga. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, chatu akalegea, akateleza ndani ya matete, akaenda zake.

Akampakata Pamba. Manyoya meupe yamelowa, shingo haina nguvu. Tunu naye akafika anahema, akasimama ukingoni, mikono mdomoni.

Pamba akafungua jicho. "Mayai yangu," akasema. "Mayai yangu yasipoe."

Akafa mikononi mwa Kidawa.

Walimzika kwenye migomba, Mwinshehe akichimba na Tunu akipanga majani juu. Tunu hakulia, na hilo ndilo lililomtisha Kidawa zaidi kuliko machozi.

Lakini mayai yalikuwa yanapoa, na Jumbe hakuwa na nafasi ya kuomboleza. Akamwendea kuku mweusi, bawa linaburuta.

"Mama Vifaranga, nisaidie. Lalia mayai ya Pamba."

Kuku akaangalia kile kiota, akarudi nyuma. "Jumbe, hayo ni mayai au malimau ya majitu? Nikikaa juu yake miguu haitafika chini. Na hawa wangu nani atawafunika? Nisamehe."

Jumbe akamwendea bata.

"Bata, ndugu yangu, nisaidie. Lalia mayai ya Pamba."

"Nitalalia," bata akasema, akakaa. Muda si muda akaona konokono. Akainuka kumfuata, akaona dimbwi, akaingia dimbwini, akasahau alikotoka.

Jumbe akamwendea kanga.

"Kanga, tafadhali, nisaidie. Lalia mayai ya Pamba."

"Mimi? Mimi? Mimi?" kanga akapiga kelele. "Mimi hata mayai yangu nimeyaacha porini, sijui ni kichaka gani!"

Jumbe akakaa juu ya mayai mwenyewe. Lakini madume wa ukoo ule hawakujaliwa joto la tumboni, na tena alikuwa na maumivu, hakutulia. Akayagusa kwa mdomo. Yalikuwa yanaanza kuwa ya baridi.

Basi akainuka. Akavuka ua polepole. Akafika mlango wa jikoni, mahali alipozoea kusimama na kutukana. Kidawa alikuwa ndani, anakamua maji kwenye nguo zake.

Jumbe hakunyoosha shingo. Hakusema ssss. Aliinamisha kichwa mpaka mdomo ukagusa kizingiti.

"Mama wa humu ndani," akasema. "Yanapoa."

Kidawa akamtazama. "Bwana Jumbe, mimi ni mtu. Sina manyoya."

"Una tumbo. Lina joto. Nilipokung'ata mkono ule nilihisi."

Kidawa akaweka nguo chini, akasema, "Nenda, nakuja."

Alichukua kikapu, akakitandika sufi. Akakaanga makapi ya mpunga kwenye chungu mpaka yakashika moto wa kiasi, akayajaribu kwa shavu kama mtu anavyojaribu maji ya mtoto mchanga, akayamimina kikapuni, akayapanga mayai juu, akayafunika tena. Makapi yakipoa, anakaanga mengine. Na wakati yale mengine yapo motoni, anayafunga mayai kwenye nguo yake ya kanga, anayaweka tumboni kwake, anajilaza ubavu kwenye mkeka, hathubutu kukohoa.

Kuanzia hapo Kidawa hakwenda shamba, hakwenda kisimani, hakwenda kwenye ngoma. Mwinshehe akawa anapika. Alipika ugali wenye madonge, wakaula.

Habari haikukaa ndani. Jirani yao, Bi Siwema, akaja akiwa na shughuli ya uongo ya kuazima ungo. Akachungulia.

"Shoga, ni kweli wanayosema? Unaatamia?"

"Naatamia, shoga."

"Ukitotoa utuite tuje na uji!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kidawa naye akacheka, lakini kwa uangalifu, tumbo lisitikisike. Kijiji kizima kikapata la kusema. Wanawake kisimani wakipita walilia "kwaa, kwaa" kumtania. Kidawa aligeuza mayai yake, upande huu, upande ule, kama alivyomwona Pamba akiyageuza kwa mdomo.

Na Tunu? Tunu alikuwa anakaa kizingitini. Mwanzoni alikaa kwa mbali, akijifanya anachambua mboga. Kesho yake akasogea. Kesho kutwa akasogea tena. Jumbe alilala kati yao wawili, bawa lake Kidawa alikuwa amelifunga kwa kitambaa. Macho ya Tunu hayakutoka kwenye kikapu.

Siku zikaenda, jua likawa kali, na moto wa jikoni mkali zaidi. Asubuhi moja Kidawa aliinua yai, akaligonga kidogo kwa ukucha. Sauti ilikuwa kavu kama ya kibuyu. Akalitikisa kwenye sikio, akakunja uso.

"Nawapa joto," akasema, kama anazungumza peke yake, "nawapa joto la kutosha. Mbona nahisi hawana raha humo ndani? Labda joto ni dogo." Akainuka kuongeza kuni.

Tunu akasimama ghafla. Akageukia mlango. "Jumbe, mwambie..."

Jumbe akarefusha shingo tayari kuyapeleka maneno. Lakini Kidawa alikuwa amekwisha kushika chungu chenye makapi ya moto, anakiinamisha juu ya kikapu.

"Usimwage!" Tunu akapiga kelele. "Usimwage, yanakauka! Yanataka maji! Pamba alikuwa akitoka kuoga, anayalalia akiwa amelowa! Mama aliniambia, asiporudi na maji, ganda linakuwa gumu, na kifaranga anafia ndani!"

Jumbe alikuwa bado na mdomo wazi. Akaangalia huku, akaangalia kule, akaufunga.

Kidawa akaweka chungu chini. Akataka kusema jambo kubwa, akaona si wakati wake. Akasema tu, "Maji ya baridi au ya vuguvugu?"

"Ya kijitoni. Yaliyopigwa na jua."

"Nenda kayalete. Mimi nashikilia hapa."

Tunu akaenda mbio. Akarudi na kibuyu, akachovya vidole, akanyunyiza yai moja moja. Kidawa akamnyooshea kikapu. Tangu siku hiyo mmoja akawa wa joto na mmoja wa maji, na mkeka ukawa wa watu wawili.

Mtoto aliyenyamaza muda mrefu akianza kusema, mnajua inavyokuwa. Tunu alisema mama yake alivyomnunua Jumbe akiwa kifaranga wa manjano ndani ya kapu la nyanya. Alisema mama yake alivyokuwa akicheka. Alisema namna homa ilivyokuja. Kidawa alisikiliza, mikono juu ya mayai.

Mchana mmoja Tunu akasema bila kumwangalia, "Mimi ninaye mama."

"Najua, mwanangu. Nami sikuja kumwondoa."

"Yuko kaburini, lakini ninaye."

"Unaye. Ndiye aliyetuambia habari ya maji."

Tunu akaegemeza kichwa kwenye bega la Kidawa, na yale machozi ambayo hakuyatoa kwenye kaburi la Pamba, na labda mengine ya zamani zaidi, yakatoka yote. Kidawa hakumwambia nyamaza. Alimshika kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akaendelea kuyashika mayai.

Alipomaliza kulia, Tunu akafuta pua. "Sasa tuwaimbie. Mama alisema humo ndani wanasikia. Ule wimbo unaujua, imba na wewe."

Wakaimba. Jumbe akaweka kichwa chini ya bawa lake zima, hakutaka wamwone.

Basi asubuhi moja yai likasema, *ti*. Likatulia. Likasema tena, *ti, ti*. Ganda likapata ufa mwembamba kama unywele, na kwenye ufa kikatokea kidomo kidogo kinahema. Tunu alitaka kubandua ganda, Kidawa akamshika mkono. "Mwache. Na yeye ana kazi yake." Wakangoja, wakanyunyiza maji, wakangoja. Mpaka jua lilipofika kichwani, kifaranga mmoja akawa nje, amelowa, amechoka, wa manjano kama maua ya boga. Akainua kichwa, akamtazama Kidawa.

"Mama," akasema.

Wa pili akatoka. "Mama."

Wa tatu akatoka. "Mama."

La nne halikusema kitu. Waliliatamia siku hiyo na siku iliyofuata. Mwishowe Kidawa akaliweka sikioni, akatikisa kichwa. Tunu akalichukua kwa mikono miwili, akaenda nalo kwenye migomba, akalilaza pale alipolala Pamba. Aliporudi, watatu walikuwa wanajaribu kutembea, wanaanguka kifudifudi, wanainuka tena, na Jumbe anawazunguka kwa hofu.

"Ssss!" akamwambia kuku mweusi aliyekuja kutazama. "Rudi nyuma! Wewe si wa hapa!"

"Mimi nimezaliwa hapa!" kuku akasema, akaondoka amekasirika.

Ua ukabadilika. Kidawa akienda kisimani, nyuma yake kuna vifaranga watatu, mmoja mmoja, mstari. Akienda kuchuma mchicha, wako nyuma. Akiingia ndani akafunga mlango, wanalia mpaka afungue. Bi Siwema alikuja na uji kweli, tena wa maziwa, akakaa akiwalisha majani yaliyokatwa, wala hakulia tena "kwaa." Na Mwinshehe, yule wa maneno machache, alikuwa akirudi kutoka majarubani anasimama kwenye mlango wa ua anawatazama mkewe na binti yake wakigombana kwa sauti kama pumba imewekwa maji mengi au kidogo, akawa anachelewa kuingia, ili asikilize zaidi.

Lakini neno ni kama mtu uliyemtuma, likishaondoka linakwenda linakokwenda. Muuza vyungu alikuwa amefika milimani. Mpunga ukavunwa, ukapigwa, ukatiwa ghalani. Na hapo, asubuhi moja, mtu mrefu mwenye fimbo na mzigo akapiga hodi uani.

"Hodi! Hodi! Hodi wenyewe!"

Alikuwa Mbelwa, kaka yake Kidawa. Kidawa alikuwa kijitoni anafua. Mwinshehe akamkaribisha shemeji yake, akampa kigoda, akampa maji.

Mbelwa akanywa. "Shemeji, sikuja kwa ugomvi. Dada yangu aliniletea neno kuwa nije nimchukue. Nimekuja."

Kumzuia mke aliyetaka kwenda kwao, Mwinshehe hakuona haki hiyo. Kumwacha aende, hakuwa na moyo huo. Akatazama chini.

Tunu alikuwa anafagia banda. Alisikia yote. Ufagio ukamponyoka. Akaja, miguu imejaa vumbi la pumba, manyoya yamemng'ang'ania nyweleni, akasimama mbele ya yule mtu mrefu. Hakumwita Jumbe ampitishie maneno.

"Hawezi kuondoka," akasema.

"Kwa nini, binti?"

"Hawa watoto hawajajua kuogelea."

Mbelwa akavitazama vile vitu vitatu vya manjano vilivyokuwa vinadonoa kamba za viatu vyake. "Bata hawajui kuogelea? Basi watajua lini?"

"Bado sana," Tunu akasema haraka. "Na wakijua, manyoya hayajatoka. Na yakitoka, watakuwa hawajui kurudi jioni, lazima wafundishwe. Na Jumbe bawa lake halijapona, ni yeye anayelifunga, mimi nalifunga vibaya. Na baba anapika ugali wa madonge." Pumzi ikamwishia. "Usimchukue, mjomba."

Kidawa alikuwa amefika, amesimama penye ua, ndoo ya nguo kichwani, maji yanamchuruzika usoni hata usingejua yapi ni ya nguo na yapi ni machozi.

Mbelwa akageuka, akamwona. "Kidawa," akasema taratibu. "Umemsikia? Kaniitaje huyu?"

Vifaranga walikuwa wamekwisha kumwona Kidawa, wanamkimbilia kwa vilio, wanaanguka na kuinuka.

"Kaniita mjomba," Mbelwa akasema. Na mjomba ni nani, nyie mlioketi hapa? Ni kaka wa nani? Ehee. Mbelwa naye alijua. Akakaa tena kwenye kigoda, akaegemeza fimbo ukutani, akavua viatu.

"Shemeji," akamwambia Mwinshehe, "mimi nimetembea mbali, na njaa ninayo. Kama mchele mpya upo, pikeni. Nitalala siku mbili tatu nimjue mpwa wangu, kisha nitarudi milimani peke yangu. Ila wali apike dada, si wewe."

Kidawa akatua ndoo.

Nami natua hadithi yangu papa hapa, uani kwa Mwinshehe, wali ukiwa jikoni. Aliyeipenda aichukue akawasimulie wengine, na ambaye hakuipenda anipishe njia, nikafunge banda langu.